Fastjet: ndege zilijaa, hesabu zikakataa

Kazi yangu ni kupanga ratiba za ndege na kukokotoa nauli. Kila nikikaa na vijana wanaoanza kazi hii huniuliza: Fastjet, lile shirika la ndege la nauli nafuu, ilikufaje, wakati tulikuwa tunaiona inajaa?

Safari zake za kwanza ziliondoka Dar es Salaam tarehe 29 Novemba 2012, kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Tiketi zilianzia shilingi 32,000, kabla ya kodi na tozo. Kwa mtu aliyezoea kupanda basi alfajiri na kushuka Mwanza usiku miguu imevimba, saa moja na nusu angani lilikuwa jambo kubwa sana. Unakata mapema, unalipia kwa simu, unasafiri. Namkumbuka mama mmoja kwenye foleni Mwanza, boksi la sato kifuani, akiuliza kila aliye karibu kama mkanda hufungwa kabla ya ndege kuruka au baadaye. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na wa aina yake walikuwa wengi. Hilo peke yake naliheshimu mpaka leo.

Sasa njoo kwenye daftari. Abiria alilipa kwa shilingi, lakini ndege ya kukodi, bima na vipuri hulipwa kwa dola, na bei ya mafuta nayo hufuata dola. Mwaka 2012 ile 32,000 ilikuwa kama dola 20. Katikati ya 2015 dola ilivuka shilingi 2,000, na tiketi ile ile ikawa haifiki hata dola 16. Hujapunguza bei, lakini umepoteza zaidi ya dola nne kwa kila kiti.

Na viti vilikuwa vingi: A319 yao, jeti ya Airbus, ilibeba watu 156. Precision Air, shirika pinzani la hapa nchini, ilikuwa na ATR, ndege za panga boi za viti 70 hivi au pungufu, zinazokunywa mafuta kidogo mno. Siku ya abiria 60, ATR inarudi nyumbani na faida. A319 inarudi na deni. Ndege ya nauli nafuu huishi kwa kuruka mfululizo, asubuhi hadi usiku. Viwanja vyetu vingi vya mikoani havikuwa na taa za kurukia, kwa hiyo jua likizama ndege inalala, na gharama ya kuikodi inaendelea kuhesabika. Kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipo: mfano wa nauli nafuu wa Ulaya uliletwa mzima mzima, pamoja na saizi ya ndege.

Walikuja kuliona. Mwaka 2016 bosi mpya, Nico Bezuidenhout, alihamisha makao makuu kutoka Uingereza kwenda Johannesburg, akaziondoa A319 na kuleta Embraer E190, jeti ndogo zaidi zenye viti kama mia moja. Uamuzi mzuri, ila ulichelewa. Mwaka huo huo serikali ilianza kuifufua ATCL, shirika la ndege la taifa, kwa ndege mbili mpya za panga boi aina ya Q400, na ushindani kwenye ruti zile zile ukawa mkali.

Mwishoni mwa 2018 kampuni mama iliuza hisa zake kwa Lawrence Masha, waziri wa zamani wa mambo ya ndani. Desemba hiyo hiyo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kufuta leseni, madeni yakiwa yamerundikana. Safari zilifutwa siku chache kabla ya Krismasi, watu wakiwa na tiketi za kwenda kwao kwenye simu.