Hina ya biharusi haitaki haraka

Simu zinazonitia wasiwasi ni zile za Jumanne kwa harusi ya Ijumaa. "Mpambaji, tunataka hina iwe nyeusi ti, nywele zitiwe dawa, na uso ung'ae." Yote hayo kwa siku tatu. Huwa nauliza swali moja tu: mwali mwenyewe amewahi kutia vitu hivi? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo ndipo ninapoanza kukataa.

Napamba maharusi hapa Unguja mjini, na kama kuna jambo nimelishika katika kazi hii ni mpangilio. Vitu vya kumremba biharusi vyote vizuri vikija kwa zamu yake. Kikiruka zamu kimoja, huharibu cha mwenzake.

Nianze na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, maana ndiyo iliyonifunza. Zamani nami nikiitia. Nilichanganya unga wa rangi nyeusi ya nywele nikamchora biharusi Jumatano usiku, kwa sababu alitaka maua yatokeze vizuri kwenye picha. Ijumaa asubuhi mama yake akanipigia. Nilipofika nilikuta mikono imevimba, na kila jani nililolichora limekuwa mstari wa malengelenge, ua kwa ua, kama vile limechorwa kwa moto. Aliingia ukumbini na glavu nyeupe. Alama za maua yale zilikaa mikononi mwake miezi kadhaa, na kila nikikutana naye macho yangu huenda kwenye viganja vyake kwanza.

Kwenye rangi ile mna kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, maboksini huandikwa PPD. Ulaya sheria inairuhusu kwenye rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 ikishachanganywa, na kuichora kwenye ngozi ni marufuku. Kwetu unga unamiminwa kibakulini kwa kukadiria macho. La hatari zaidi ni kwamba mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza kabisa, huku unajifunza kuikataa. Mara ya pili ndiyo unapiga kelele. Na mtu aliyekwisha kukataliwa na mwili wake hivyo, hata rangi ya kawaida ya nywele inaweza kumdhuru baadaye. Kwa hiyo mtu akinambia "mbona nilitia Idi iliyopita na sikudhurika," huko si kupona. Huenda ndiyo mara yake ya kwanza hiyo.

Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa, basi. Harufu yake ni ya majani makavu, na rangi yake ikitoka ni ya chungwa, si nyeusi. Wengi hushtuka wakiiona asubuhi imepauka, wakadhani nimewaibia. Subiri. Inaendelea kuiva yenyewe kwa siku moja hadi mbili mpaka ifike wekundu wa kahawia, na viganja na nyayo hukolea zaidi kwa kuwa ngozi ya hapo ni nene. Ndiyo maana kwa harusi ya Ijumaa natia Jumatano. Ikikauka inakwanguliwa kavu, haioshwi, kisha inapakwa mafuta ya nazi, na siku ile ya kwanza maji yawe mbali kadiri inavyowezekana. Anayekuahidi hina nyeusi ndani ya nusu saa hakutii hina.

Sasa angalia zamu. Singo ni ya kusugua na kutoa ngozi iliyokufa, na hina inakaa kwenye ngozi hiyo hiyo ya juu. Ukimsinga mtu mikono baada ya hina, umemfuta maua yake. Kwa hiyo singo inatangulia, siku saba kabla, wakati mwali ametawa ndani na jua halimpati. Mimi hununua vitu vyake sokoni Darajani na kutwanga mwenyewe: asumini kavu, waridi, langilangi, mpompia, mrehani, karafuu kidogo sana, na liwa, ule mti wa manukato, niliyoisugua juu ya jiwe kwa marashi. Karafuu nasisitiza iwe kidogo, inawasha. Na kutoa nywele za mwilini kwa sukari na ndimu kunafanywa kabla ya yote hayo, ngozi ipumzike siku moja nzima ndipo iguswe na singo. Aliyetolewa nywele asubuhi akasingwa jioni hulala akilia.

Kuna ngozi nisiyoisinga. Mwali aliyekuwa akijipaka mkorogo namjua kwa vifundo vya vidole: uso umekuwa mweupe, vifundo vimebaki vyeusi. Krimu hizo huwa na haidrokwinoni au zebaki, na Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivyo, ila bado vinapatikana. Ngozi yake imekuwa nyembamba, singo inaichubua na poda haikai. Simwaibishi. Namwambia aache, avae mtandio juani, aende kwa daktari wa ngozi, na siku ya harusi nitachanganya rangi ifuate shingo yake, si uso. Mama zangu wenye harusi, tafadhali, msimwambie mwali aje "amejing'arisha kidogo". Maneno hayo ndiyo yanayompeleka kwenye mkorogo.

Nywele nazo. Dawa ya kulainisha ni kali, kwani ile ya kopo huwa na magadi makali yanayoweza kuchoma ngozi ya kichwa, basi natia wiki mbili au tatu kabla, na kamwe si pamoja na rangi. Anayekuja na nywele zake za asili simlazimishi dawa, maana zinanyooka kwa moto wa kiasi au zinafungwa vizuri vilevile. Siku ya harusi sizioshi. Naziosha siku moja kabla, kwa sababu nywele safi mno huteleza na pini haishiki. Chini ya shela nasuka mistari michache ya twende kilioni (jina hilo silitaji mbele ya biharusi siku hiyo) ili pini zipate pa kukamata bila kuvuta. Ukimkaza kwenye paji la uso atatabasamu kwenye picha kumi za mwanzo tu, na nywele za ukingoni zikivutwa hivyo mara kwa mara huenda zisirudi zote.

Siku yenyewe, napanga saa kwa adhana. Biharusi anayeswali lazima maji ya udhu yamfike, kwa hiyo kucha za kubandika na rangi ya kucha sizitii. Viganja vina hina, na hina haizuii maji. Akishaswali alasiri tunafanya nywele. Magharibi ikiingia, kwenye saa kumi na mbili na nusu, anaswali kwanza, ndipo nianze uso. Krimu ya jua usiku huo siitii, maana nyingi huakisi mwanga wa kamera na uso ukatoka na majivu.

Udi ni wa mapema, siku ile ya kuosha, nywele zikiwa bado na unyevu kidogo, maana hapo ndipo zinaposhika harufu. Tunamfunika kanga, chetezo chini, yeye amefumba macho. Kama kuna nywele za plastiki zitakazoongezwa, zisubiri mpaka chetezo kitoke chumbani, kwani cheche moja inaziyeyusha.

Mwisho kabisa, gauni limeshavaliwa na shela limekaa, somo wake, yule mama aliyemfunda, huleta kikuba cha asumini na mrehani nacho namfunga nyuma ya kisogo, asumini zikiwa bado hazijafunguka. Zitafunguka ukumbini.