"Mbona kazini yuko sawa?" Tunayokosea kuhusu watu wazima wenye usonji

Siku tulipompeleka mtoto wa dada yangu kupimwa usonji (autism), maswali yalichukua karibu saa nzima. Anaziba masikio penye kelele? Anavurugika ratiba ikibadilika? Anang'ang'ania chakula kilekile? Kaka yetu, miaka 41, alikuja kutusindikiza tu. Tulipotoka nje akaniambia, "Mle ndani walikuwa wananisema mimi."

Kwetu usonji ulikuwa "ugonjwa wa watoto". Kumbe ni namna ubongo unavyojengeka tangu mimba, na mtu hauachi utotoni kama meno ya maziwa. Donald Triplett wa Mississippi, mtoto wa kwanza kati ya wale aliowaelezea daktari Leo Kanner mwaka 1943, alifanya kazi benki na akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wenyewe uliupa usonji nafasi yake mwaka 1980 tu. Mtoto wa Temeke wa miaka hiyo angepimwa na nani? Kaka aliitwa mjeuri, yakaisha.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: "Anajifanya, mbona kazini yuko sawa?" Kaka anauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Beringi anazijua kwa namba, na kila mteja anampokea kwa maneno yaleyale: "Karibu bosi, gari gani, ya mwaka gani?" Sentensi hiyo aliikariri kwa muuzaji mwenzake, pamoja na tabasamu lake. Jioni daladala ikijaa na konda akaanza kugonga bodi, anashuka, anatembea mpaka Keko. Akifika nyumbani anazima taa na kulala, mto juu ya masikio. Wifi aliamini miaka tisa kwamba ananuniwa. Kuna watu wazima wengi wanaoficha usonji kwa kuiga wenzao, na wanawake hukosa kutambuliwa zaidi kwa sababu hiyo. Gharama yake ni uchovu mkubwa, wasiwasi, hata sonona.

"Hana huruma." Kwenye msiba wa baba hakulia, wala hakukaa na wanaume barazani. Alihesabu viti mara tatu, akaenda kuongeza maturubai, akalipa maji ya watu wote. Mashangazi hawajamsamehe mpaka leo. Kushindwa kusoma sura ya mtu ni jambo moja, kutoguswa na uchungu wake ni jambo jingine kabisa.

Eti usonji unaletwa na chanjo? Makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo na usonji, ilihusu watoto 12 tu, na jarida la kitabibu la Lancet liliifuta mwaka 2010. Mama kumlea vibaya? Hapana. Mapepo? Anayemwombea ndugu yake simkatazi, ila asimfunge kamba. Urithi wa damu ndio wenye mchango mkubwa, ndiyo maana mjomba na mpwa wanaweza kukutana kwenye maswali yaleyale.

"Akishajua, itamsaidia nini sasa?" Hili wifi mwenyewe aliliuliza. Hakuna kipimo cha damu. Mtaalamu anataka habari za utotoni, na mama hayupo tena, ikabidi tumpigie simu mama mkubwa. Wataalamu waliozoea watu wazima ni wachache, wengi wao wamezoea watoto. Kaka amekwenda kliniki ya afya ya akili mara mbili na jibu kamili bado. Dawa ya kuondoa usonji hakuna, ila wasiwasi na kukosa usingizi vina matibabu yake.

Nyumbani hawakusubiri cheti. Akirudi anaachwa nusu saa bila kuulizwa kitu, na mambo ya ghafla yanatangulizwa kwa meseji. Juzi wifi alimwandikia: "Jumapili wageni wanne, wanaondoka saa kumi." Wageni wakanogewa na stori. Saa kumi kamili kaka akasimama, akampa kila mmoja mkono, akaenda kulala. Wifi akawaongezea chai.