Damu ya mtoto imepelekwa maabara: maswali ninayoulizwa na akina mama wodini

Nauguza watoto wachanga mahututi Kampala. Mama zao hulala kwenye mikeka nje ya wodi, na saa ya kunyonyesha ikifika wananizunguka na maswali. Wengi huuliza kwa Kiluganda. Wale waliotoka Busia, Arua, Bombo au kwenye kambi za askari huuliza kwa Kiswahili. Haya ndiyo yanayojirudia.

Sista, mtoto wangu hana homa. Mbona mnasema ana bakteria kwenye damu?

Mtoto mchanga haugui kama wewe na mimi. Bakteria wakiingia kwenye damu yake, mwili unaweza kupoa badala ya kuchemka, hivyo joto lililoshuka chini ya nyuzi 35.5 linatutisha sawa na lililopanda hadi 38. Dalili nyingine huiona mama kabla ya muuguzi: jana alinyonya vizuri, leo ameliacha ziwa. Mama akiniambia tu, "Leo huyu siye," naacha ninachofanya na kwenda kumtazama. Dalili nyingine ni kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu kuvutwa ndani, degedege, na kulegea hadi asogee tu anapoguswa. Ukiona hata moja ukiwa nyumbani, usingoje kupambazuke. Ita boda.

Ameupata wapi? Mimi ni mtu msafi.

Najua, wala sikulaumu. Ugonjwa ukianza ndani ya siku 3 za kwanza, mara nyingi bakteria walitoka kwenye njia ya uzazi, hasa kama chupa ilipasuka mapema. Ukianza baadaye, wengi hutoka mazingira aliyomo mtoto, na hapo nasema ukweli: wodi yetu ni mojawapo. Kuna bakteria anaitwa Klebsiela, anayekaa kwenye sinki, kwenye mirija ya kufyonza makamasi, na kwenye mikono yetu sisi wauguzi. Kanula, yaani kimrija kinachobaki kwenye mshipa kumpa mtoto dawa, ni mlango pia. Njiti wanaumia zaidi kwa sababu kinga ya mama huvuka kwenda kwa mtoto hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyezaliwa wiki ya 28 ameondoka kabla hajapewa fungu lake.

Kwa nini mnamtoa damu, naye ni mdogo hivi?

Tunachukua mililita 1 hivi, yaani moja ya tano ya kijiko cha chai. Inatiwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye joto kama la mwili. Kama wamo, wataota. Huko ndiko kuotesha damu, na kunatakiwa kufanyika kabla ya dawa ya kwanza, maana bakteria aliyekwisha kupigwa na dawa huenda asiote ingawa bado yupo. Ndiyo maana naumia nikisikia mtoto alipewa amoksilini ya duka la dawa siku mbili kabla ya kuletwa. Sindano aliyochomwa kwenye kituo cha afya kabla ya kupewa rufaa ni jambo jingine: hiyo inaweza kumwokoa njiani. Njoo na karatasi yake tujue alipewa nini na saa ngapi.

Siku ya kwanza mlimpa dawa hizi, siku ya tatu daktari amebadilisha. Mlikosea?

Hili ndilo swali linalowanyima usingizi wengi, na nalijibu polepole kila mara.

Maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto mchanga kwa saa chache, lakini majibu ya maabara huchukua siku moja hadi tatu, wakati mwingine zaidi. Hatuwezi kungoja. Kwa hiyo tunaanza na ampisilini na jentamisini, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, kwa sababu zikiwa pamoja zinagusa bakteria wa aina nyingi. Hapo tunapiga gizani tukilenga palipo na uwezekano mkubwa.

Bakteria akiota, fundi wa maabara anampaka kwenye sahani, kisha anaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake anatazama. Kidonge kilichozungukwa na duara tupu pana, dawa yake inamzuia bakteria huyo: inaandikwa S. Bakteria akiota hadi ukingoni mwa kidonge, ni sugu: R. Kuna pia I, iliyo kati ya hizo mbili.

Sasa Klebsiela. Kwa asili yake haguswi na ampisilini. Wengine wana kimeng'enya kinachoikatakata hata dawa ya seftriaksoni, na vinasaba vya usugu huo wanaweza kuwapa bakteria wa jirani. Katika utafiti wa watoto wachanga zaidi ya 3,200 katika nchi 11, Uganda ikiwemo, uliofanyika 2018 hadi 2020, Klebsiela ndiye aliyeonekana zaidi kwenye damu iliyooteshwa. Karatasi ikija na R kwenye dawa tulizoanza nazo, daktari anahamia kwenye ile yenye S, labda amikasini, labda meropenemu. Kumbe daktari aliyebadilisha dawa amesoma majibu. Mimi ningeogopa yule ambaye habadilishi.

Basi si mngeanza na hiyo kali?

Tukimpa kila mtoto meropenemu, bakteria wa wodi wataizoea, na mtoto wa mwezi ujao atakosa pa kukimbilia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilimweka Klebsiela aliyeshinda dawa za kundi la meropenemu juu kabisa ya orodha yake ya bakteria wa kuhofiwa.

Na kisipoota kitu?

Mtoto akiwa amechangamka na anakula, daktari anaweza kusimamisha dawa baada ya siku mbili hivi. Akiwa bado mgonjwa, tunaendelea, kwa kuwa damu kidogo inaweza kuwakosa bakteria.

Jajja yake, yaani bibi yake, anataka kumwogesha kyogero, yale maji ya mitishamba, na kumpaka dawa kitovuni.

Mwambie jajja kwa heshima kwamba kitovu ni njia iliyo wazi kuelekea kwenye damu. Kiachwe kikavu, bila majani, majivu wala samli. Kyogero nayo isubiri. Mtoto huyu bado ana kanula mkononi.

Mimi mama yake nifanye nini?

Mengi. Osha mikono kwa sabuni kila unapomwendea, na ukiniona nakuja kwake bila kunawa, nizuie, sitakasirika. Mkamulie maziwa yako, hasa yale ya njano ya mwanzo. Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi: kwenye utafiti uliochapishwa 2021, uliohusisha Tanzania na nchi nyingine nne, watoto wenye uzito mdogo waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubiri hadi watulie. Dawa ikiisha stoo mkaambiwa mnunue nje na pesa hakuna, tuambieni siku hiyo hiyo, msikae kimya hadi dozi ipite. Na kila asubuhi daktari anapopita, muulize: "Majibu ya damu yamerudi? Yanasema dawa gani?"