Ukienda Dazu kuangalia sanamu za mwambani, fuata maji

Watu wengi wakifika Dazu wanakimbilia moja kwa moja kwa Guanyin wa mikono elfu, sanamu ya mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, wanapiga selfi, wanarudi kwenye basi. Mi kazi yangu ni mawe, nakagua na kutunza majengo ya zamani, kuta zinazoliwa na chumvi, dari zinazovuja, hivyo nikifika mahali kama pale macho yanaanza kutafuta maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Na ukiiangalia Dazu hivyo utaona vitu ambavyo wengine wanavipita tu, maana wale mafundi wa miaka 800 iliyopita waliwaza maji katika kila hatua ya kazi yao.

Dazu ni wilaya ya Chongqing, kusini magharibi mwa China, na kwa treni ya mwendokasi toka Chongqing mjini haifiki hata saa moja, afu unamalizia kwa basi au teksi. Michongo iko sehemu nyingi ila UNESCO mwaka 1999 iliingiza tano kwenye Urithi wa Dunia: Beishan, Baodingshan, Nanshan, Shizhuanshan na Shimenshan. Kama una siku moja tu nenda Baodingshan, usijigawe.

Baodingshan ilisimamiwa na mtawa mmoja wa Kibuddha, Zhao Zhifeng, aliyezaliwa mwaka 1159. Kazi ilianza 1174 ikaenda mpaka 1252, na unaona kabisa kwamba ni mtu mwenye mpango, sio kama sehemu nyingine ambako kila tajiri alikuja kuchongesha sanamu yake pembeni ya ya mwenzake. Ni bonde lililojipinda, kuta zake kwa pamoja ni kama mita 500, na picha zinafuatana zikifundisha ili hata asiyejua kusoma atembee na aelewe: gurudumu la kuzaliwa upya, kifo cha Buddha, wema wa wazazi, adhabu za motoni. Kwa hiyo pita kwa mpangilio, ukirukaruka unapoteza hadithi.

Sasa tuje kwenye jiwe. Ni jiwe la mchanga, laini, ndo maana waliweza kuchonga mpaka ukucha na mkunjo wa nguo, lakini ulaini huohuo ndo udhaifu wake. Chongqing inapata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukungu kila mara, na maji yanapenya toka juu ya mlima yanatokea usoni mwa sanamu yakiwa na chumvi, yakikauka chumvi inajijenga ndani ya vitundu vya jiwe na kusukuma chembe za mchanga zidondoke. Aliyekaa nyumba ya zamani pwani, Tanga au Unguja, ameshaona rangi na plasta inavyobanduka ukutani kuanzia chini hata upake mara ngapi, basi ni jambo lilelile, tofauti ni kwamba huku kinachobanduka ni uso wa bodhisatwa, yaani mtakatifu wa Kibuddha anayesaidia wengine.

Zhao na mafundi wake hawakuweza kuyazuia maji, wakayapa kazi. Nenda pale Buddha akiwa mtoto anapoogeshwa na madragoni tisa: maji ya juu ya genge yangeharibu ukuta wote, wao wakayakusanya yakatokea mdomoni mwa dragoni, yanamwagikia mtoto, afu yanaondoka kwa mfereji uliojipindapinda mbele ya Buddha aliyelala. Huyo Buddha aliyelala ana mita 31 na amechongwa sehemu ya juu tu ya mwili, miguu imeachwa imezama mwambani, unaimalizia mwenyewe kichwani.

Ila kilichonikamata zaidi ni pango la Yuanjue. Ndani kuna mabodhisatwa 12 pembeni, na mmoja amepiga magoti katikati anamuuliza Buddha kwa niaba yao. Juu ya mlango walitoboa dirisha, mwanga unaingia kwa mshazari unamwangukia yeye. Subiri kidogo macho yazoee giza, usiwashe tochi ya simu tafadhali. Maji yanayopenya darini yanapita kwenye mwili wa dragoni aliyechongwa ukutani, yanadondokea bakuli la mtawa wa jiwe, kisha yanashuka kwa njia iliyofichwa na kutoka nje. Yaani wametengeneza mfereji kamili na mtalii anadhani ni pambo tu! Naheshimu sana kazi ya namna hiyo.

Afu kuna wale watatu wa Huayan, yaani Buddha na mabodhisatwa wawili, warefu mita 7 hivi, wameinamia mbele kidogo ili wewe uliye chini uone sura zao. Mmoja ameshika mnara wa jiwe unaokadiriwa karibu nusu tani. Mkono haukukatika miaka yote hiyo kwa sababu uzito unashuka kupitia joho linaloning'inia mpaka chini. Nguzo imevikwa nguo.

Kwa Guanyin nenda, sikukatazi. Ukuta wa mita za mraba 88, mikono tele imepakwa dhahabu. Zamani ilisemwa ni 1,007, ila kwenye ukarabati uliofanyika 2008 hadi 2015 wataalamu walihesabu 830. Wengine wanaona imekuwa mpya mno. Mi naona jiwe lilikuwa linaoza chini ya dhahabu ya zamani, na kukaa kimya kungekuwa vibaya zaidi.

Na usizipite zile picha za wema wa wazazi. Mama amelala sehemu iliyolowa ili mtoto alale pakavu, mwingine ananyonyesha, mwingine anafua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hapo hauhitaji mkalimani.

Mambo madogo: beba pasipoti kwa ajili ya tiketi, unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za simu za kulipia, kabla hujasafiri, kwepa wiki ya kuanzia tarehe 1 Oktoba maana nusu ya China iko likizo, na Julai na Agosti joto la kule ni kali kwelikweli. Usiguse mwamba hata sehemu isiyo na mchongo, jasho la mkononi nalo lina chumvi. Mvua ikinyesha usiahirishe, vaa koti uende, ndo siku nzuri ya kuona dragoni akifanya kazi yake. Ukibakiwa na nusu siku panda Beishan, karibu kabisa na mji, ilianzishwa mwaka 892 na gavana wa kijeshi Wei Junjing. Kule tafuta pango namba 136, nyuso zake bado zina makali utadhani fundi kaweka patasi jana.