Kompyuta ya mezani: uiongezee nguvu sasa au ungoje?

Swali hili huniijia karibu kwa maneno yale yale: "Fundi, niibadilishe sasa au ningoje kidogo?" Nami huuliza: ungoje nini? Wengi hapo hunyamaza. Wanangoja bei ishuke, wanangoja kizazi kijacho cha prosesa, wanangoja tu. Kwangu mimi kungoja kuna maana ikiwa unaweza kukitaja unachokingoja na kusema kinafika lini, hata kwa kukadiria. Usipoweza, utaendelea kukaa mbele ya mashine nzito, na mwakani utauliza swali hilo hilo.

Wapo pia wa upande wa pili, wenye pupa, wanaonunua prosesa ya bei mbaya wakati kinachowachelewesha ni diski.

Kompyuta ya mezani ina sifa ambayo laptopu nyingi hazina: kila kipande kinazeeka kwa kasi yake na kinabadilishwa peke yake. Ndiyo maana sitoi jibu moja kwa mashine nzima. Siku hiyo hiyo inaweza kuwa nzuri kwa kununua SSD, diski ya kisasa ya chipu, na mbaya kabisa kwa kununua RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Basi kabla ya pesa kutoka, pima. Fungua kazi ile ile inayokuudhi: lile faili kubwa la hesabu, ule mchezo, ile video unayoihariri. Ikishaanza kusumbua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ya Windows ifunguke, kisha nenda sehemu ya Performance. Kuitazama kompyuta ikiwa imetulia hakukuambii kitu. Itazame inapohema.

Picha ninayokutana nayo sana ni hii: prosesa inatumika asilimia 12, RAM imejaa robo tatu, diski iko asilimia 100, na chini ya grafu ya diski kasi ya kusoma haifiki hata megabaiti 3 kwa sekunde. Mtu akiona namba hiyo ndogo hudhani diski imelala, kumbe imezidiwa. Diski ngumu ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na ushee. Data ikiwa imetawanyika, kichwa cha kusomea lazima kwanza kisogee hadi kwenye mstari wake, halafu kisubiri sahani ilete sehemu inayotakiwa, kwa wastani nusu mzunguko. Jumlisha yote, kila ombi linakula milisekunde 10 hivi, yaani maombi kama mia moja tu kwa sekunde, na mengi ya maombi hayo ni ya vipande vya kilobaiti 4. Kompyuta inapowaka huwa na maelfu ya maombi ya aina hiyo. SSD haina cha kuzungusha; ombi lile lile inalimaliza kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde.

Kwa hiyo ikiwa mfumo wako bado unawaka kutoka diski ngumu, hakuna cha kungoja. Hata SSD ya SATA, muunganisho wa zamani wa diski, ambayo ukomo wake ni megabaiti 550 hivi kwa sekunde, itakupa kompyuta nyingine. Lakini ukiwa tayari na hiyo SATA na unatamani NVMe, SSD ya muunganisho mpya zaidi, ya megabaiti 7000, tulia. Kwa kivinjari na nyaraka hutaiona tofauti kubwa. Ataiona anayehamisha mafaili mazito ya video kila siku.

Picha ya pili ni prosesa inayoonekana kama haina kazi. Jumla inasema asilimia 7, na programu imeganda. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya grafu, chagua ionyeshe kila prosesa ya kimantiki peke yake, na mara nyingi utaona kisanduku kimoja kimejaa juu kabisa huku vingine vikiwa tupu. Programu ikitumia uzi mmoja tu, yaani mfululizo mmoja wa kazi, kwenye prosesa yenye nyuzi 16, jumla itasoma asilimia 6 na kidogo hata kama uzi huo umefika mwisho wa uwezo wake. Mtu wa namna hii akinunua prosesa yenye viini vingi zaidi (sehemu zake zinazofanya kazi) lakini kila kiini kina kasi ile ile, amenunua visanduku vitupu zaidi vya kutazama. Kinachomfaa ni kiini chenye kasi.

Kompyuta inayoanza vizuri halafu inazorota baada ya dakika kadhaa, mimi huishuku joto kwanza. Prosesa za siku hizi hujipunguza kasi zenyewe zinapokaribia nyuzi joto 95 au 100. Toa vumbi, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, hakikisha feni zinazunguka. Kuna watu walikuwa wanaiuzia shida hiyo madabodi mpya, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Sasa RAM, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye Task Manager hiyo hiyo, angalia kasi ya RAM iliyoandikwa chini. Imeandikwa 2133 na wewe kwenye pakiti ulisoma 3200? Basi tangu siku ya kwanza inatembea kwa kasi ya chaguo-msingi. Ingia BIOS (programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows), tafuta mpangilio wa kasi ya RAM uitwao XMP, au EXPO kwenye mashine nyingi za AMD zenye DDR5, kizazi kipya cha RAM, uwashe. Angalia pia vijiti vya RAM vimekaa wapi. Kwenye madabodi yenye nafasi nne, vijiti viwili kwa kawaida hukaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ili chaneli zote mbili za data zifanye kazi. Vikipangwa pembeni kwa pembeni karibu na prosesa, mara nyingi unakuwa umefunga mlango mmoja kati ya miwili. Marekebisho yote haya ni ya bure.

Ikiwa baada ya hapo bado RAM inajaa, yaani kiasi kilichoandikwa "Committed" kinazidi RAM uliyo nayo na kubadili dirisha kunachukua sekunde kadhaa, basi unahitaji kuongeza. Je, ungoje bei? Miezi ya mwisho ya 2025 bei za RAM zilipaa. Zipo seti za DDR5 zilizozidi maradufu ya bei zake za katikati ya mwaka huo huo. Soko la chipu za RAM limeshikwa na kampuni tatu kubwa: Samsung, SK Hynix na Micron. Zote tatu zinatengeneza pia kumbukumbu za HBM, za kasi kubwa, zinazofungwa kwenye vichapuzi (chipu maalumu) vya akili mnemba, na sahani ya silikoni iliyotumika kutengenezea HBM haiwezi tena kutoa RAM ya kompyuta ya nyumbani. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya watumiaji wa kawaida. Kiwanda kipya cha chipu hujengwa kwa miaka. Sioni dalili ya bei kushuka wiki ijayo, na anayekwambia "ngoja mwezi mmoja" mwulize anajuaje.

Historia ya upungufu wa namna hii haitoi somo moja. Mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yaliingia viwanda vya diski ngumu, vikiwemo vya Western Digital. Bei ziliruka kwa haraka na zikachukua muda mrefu kurudi chini, hata baada ya maji kukauka. Kadi za grafiki nazo zilikuwa adimu kuanzia mwisho wa 2020, wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakizigombania. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipobadilisha mfumo wake, uchimbaji wake kwa kadi hizo ulikufa siku ile ile, na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Aliyengoja kadi mwaka huo alipata. Kulikuwa na tukio linalojulikana mbele yake.

Kwa RAM, ushauri wangu wa sasa ni wa kibahili: nunua kiasi kinachoondoa tatizo, usinunue cha kujivunia. Kutoka gigabaiti 8 hadi 16 ni nafuu kubwa kwa mtu wa vichupo vingi. Kutoka 32 hadi 64 bila kazi maalumu, hiyo inaweza kungoja. Na kama una DDR4 nzuri, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5, ithamini.

Hapo ndipo prosesa na madabodi vinapoingia, maana DDR4 na DDR5 haziingiliani. Vijiti vyote viwili vina pini 288, lakini mkato wa chini umewekwa mahali tofauti makusudi, ili usije ukalazimisha. Ukihamia soketi (tundu la prosesa kwenye madabodi) ya AM5 ya AMD, iliyotoka 2022, ni DDR5 tu. LGA1851 ya Intel ya 2024, vivyo hivyo. Kumbe prosesa uliyodhani ni ununuzi mmoja imekuwa vitu vitatu: prosesa, madabodi na RAM, na hicho cha tatu ndicho kilichopanda bei.

Kwa hiyo soma jina la soketi yako kabla ya kusoma tangazo lolote. Mwenye AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, ana bahati. Madabodi nyingi za 2017 zinaweza kubeba prosesa za Ryzen 5000 baada ya kusasisha BIOS, ikiwa mtengenezaji wa bodi hiyo ametoa toleo linalofaa, na hapo RAM yako ya DDR4 inabaki pale pale. Kwa michezo, Ryzen 7 5800X3D ya 2022 yenye kache (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 96 bado inatisha. Ukiiona kwa bei ya haki, usingoje, kwa sababu prosesa za soketi inayozeeka huadimika. Sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, tafadhali.

Intel wana mtego wao. Soketi LGA1151 ilibeba kizazi cha 6 na cha 7, kisha cha 8 na cha 9 kikaja na soketi ya jina hilo hilo lakini kikataka chipseti, yaani chipu kuu za madabodi, za mfululizo wa 300. Prosesa inakaa vizuri kabisa kwenye tundu, na kompyuta haiwaki. LGA1700 kwa upande wake ina madabodi za DDR4 na za DDR5, kwa hiyo mwenye vijiti vizuri vya DDR4 anaweza kuhamia kizazi cha 12 bila kununua RAM hata moja. Kwa bei za sasa, njia hii naipenda kuliko zinavyoipenda video za mapitio.

Tarehe moja ni ya kweli na haijali bei. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza ya masahihisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani ulitangazwa kufika 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0, sehemu ya usalama ya kompyuta, na, kwa kukadiria, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Usikimbilie kulaani mashine yako ikiambiwa haina TPM. Kwenye bodi nyingi ipo, imezimwa tu; itafute ndani ya BIOS kwa jina la fTPM kwa AMD au PTT kwa Intel. Prosesa yenyewe ikiwa ya zamani mno, chaguo ni kubadilisha bodi nzima au kuweka Linux, na Linux kwa kazi za kivinjari na nyaraka si adhabu.

Kuhusu kadi ya grafiki sina mengi. Vizazi vya NVIDIA vimekuwa vikipishana kwa zaidi kidogo ya miaka miwili: RTX 30 Septemba 2020, RTX 40 Oktoba 2022, RTX 50 Januari 2025. Ukiwa wiki chache kabla ya uzinduzi uliotangazwa, ngoja, hata kama utaishia kununua ya zamani kwa bei iliyoshuka. Ukiwa katikati ya kipindi, unangoja mwaka mzima. Jaribu kwanza kushusha pikseli za mchezo: kasi ikipanda sana, kadi ndiyo inayobana, isipopanda, kadi mpya haitakusaidia, rudi kwenye prosesa.

Kadi mpya huja na suala la pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. RTX 4060 inahitaji wati 115, RTX 5090 inafika 575. Katikati ya hizo kuna nafasi kubwa ya kukosea hesabu, na pawa saplai ya zamani isiyo na jina haistahili kubebeshwa kadi ghali. Ukiibadilisha kwa yenye kebo za kuchomoa, usiache kebo za zamani. Ncha inayoingia kwenye vifaa hufuata kiwango kimoja kwa wote, ila ncha inayoingia kwenye pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Plagi inaingia bila shida, volti 12 zinapita palipotakiwa volti 5, na diski inakufa papo hapo pamoja na mafaili yako. Toa kebo zote pamoja na pawa saplai yake, hata kama zimefungwa vizuri nyuma ya kasha na unaona uvivu kuzifungua.