Saa za meli baharini si tani za jodari

Kuna ramani inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi, hasa yale ya watu wa mazingira na wanahabari. Bahari Hindi imechorwa nyeusi tititi, na nukta za meli za uvuvi zinametameta kutoka mashariki ya Lamu hadi Ushelisheli na kupita. Maneno ya chini hayabadiliki sana: "Oneni jodari wetu wanavyoibwa." Wiki hii imenifikia tena, na safari hii mtu ameongezea kwamba kwa kuwa saa za uvuvi zimepanda, basi samaki waliovuliwa nao wamepanda kiasi hicho hicho. Hapana, ndugu zangu.

Saa hizo hupima juhudi za uvuvi, yaani kazi na zana zilizotumika kumsaka samaki: siku, saa, ndoana zilizotegwa, mara ambazo wavu umetupwa. Samaki mwenyewe hayumo katika hesabu hiyo. Data za mwendo wa meli hutumika kukadiria juhudi kwa sababu meli kubwa hutangaza zilipo. Fasili ndiyo hiyo, haina makuu. Tatizo liko kwenye neno "kukadiria", ambalo huanguka njiani kila ramani inapotumwa mbele.

Nukta nyingi za ramani zile zinatokana na AIS, chombo cha redio kilichowekwa melini ili meli zisigongane. Hakikubuniwa kwa ajili ya samaki hata kidogo. Kinatangaza utambulisho wa meli, mahali, kasi na uelekeo, na setilaiti zinadaka matangazo hayo kutoka juu. (VMS, ambayo wanahabari huichanganya na AIS, ni ripoti za mahali zinazokwenda kwa mamlaka za uvuvi, na kwa kawaida wewe na mimi hatuzioni.) Kwenye AIS ipo sehemu ya kujaza kwamba meli "inavua", lakini wanaoijaza ni mabaharia wenyewe, na wakisahau kuibadilisha inabaki hivyo hivyo hadi bandarini. Kwa hiyo watafiti hawaiamini. Wanaifundisha kompyuta isome mwendo: hapa meli imepunguza kasi, hapa imegeuka, hapa imerudi ilikotoka, basi huenda inavua. Utafiti wa Global Fishing Watch, shirika linalofuatilia meli za uvuvi duniani, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018 ulipitia taarifa bilioni 22 za AIS za miaka ya 2012 hadi 2016 na kufuatilia zaidi ya meli 70,000 za uvuvi. Wao wenyewe huiita takwimu yao juhudi zinazoelekea kuwa za uvuvi.

Mwenye matatu anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Traka kwenye simu inamwonyesha gari limesimama dakika arobaini Bomas. Linapakia? Limekwama kwenye jam? Limekamatwa? Na hata kama linapakia, traka haimwambii limebeba watu wangapi.

Sasa tuje kwenye jodari, maana hapa ndipo watu wanapojumlisha visivyojumlishika. Meli ya mshipi mrefu, ule ambao wavuvi wa Pwani huuita zulumati, hutega ndoana zipatazo elfu tatu kwenye mshipi unaoweza kuzidi kilomita mia. Hutega kwa mwendo wa haraka kiasi, huuacha mshipi majini, kisha hurudi kuuvuta polepole, kazi inayoweza kula nusu siku au zaidi. Kwenye ramani njia yake inakwenda na kurudi, na kompyuta huitambua vizuri. Saa zake nyingi kweli ni saa za uvuvi, ingawa wanaotathmini akiba ya jodari hupendelea kuhesabu ndoana.

Meli ya wavu wa kuzungushia, kama zile za Wahispania na Wafaransa zinazoshusha samaki bandari ya Victoria huko Ushelisheli, ni mnyama mwingine kabisa. Mtupo mmoja wa wavu huchukua saa mbili tatu hivi. Muda mwingine wote inatafuta, na inatafuta kwa kasi, mfano wa meli inayosafiri tu. Usiku huenda ikazima injini na kuelea, na hapo mwendo wake wa polepole unaweza kumhadaa asiyejua. Kutafuta ni sehemu ya juhudi, tena sehemu kubwa. Lakini ukihesabu saa za wavu peke yake meli hii itaonekana karibu haifanyi kazi, ilhali mtupo mmoja uliofanikiwa unaweza kuleta makumi ya tani. Saa moja ya huyu na saa moja ya yule hazilingani kwa lolote, na ramani imezipaka rangi moja.

Halafu kuna maboya. Meli hizi huachia majini vyelezo vinavyovutia samaki, vikiwa na boya lenye kipimasauti kinachotuma kwa setilaiti makadirio ya samaki walio chini yake. Nahodha haranderandi tena. Anakwenda moja kwa moja kwenye chelezo alfajiri na kutupa wavu. Saa zimepungua, uwezo wa kuvua umeongezeka. Zipo pia meli saidizi zinazohudumia vyelezo hivyo bila kutupa wavu hata mara moja, na kwenye hesabu ya saa za uvuvi zinaweza kusomeka kama si wavuvi. Ukiniuliza mimi, hili lilistahili kelele kuliko wingi wa nukta.

Na wasioonekana? Katika Bahari Hindi, karibu nusu ya jodari na jamii yake huvuliwa na wavuvi wadogo, wengi wao kwa vyombo visivyo na AIS. Mashua ya Shimoni haimo kwenye ramani ile. Pia AIS huzimwa. Wakati mwingine ni ujanja, lakini kanuni zinamruhusu nahodha kuizima akihofia usalama, na enzi za maharamia wa Somalia wengi walikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Pengo jeusi karibu na mpaka wetu wa baharini peke yake si ushahidi wa wizi.

Ramani yenyewe sina ugomvi nayo. Inaonyesha vizuri meli zilizowasha vyombo ziko wapi na msimu gani, jambo ambalo zamani lilikuwa siri ya wenye meli. Ukiituma tena, andika chini yake "saa zinazokadiriwa kuwa za uvuvi, kwa meli zinazoonekana", na utaje ni za mshipi au za wavu. Anayetaka tani aziulize kwenye madaftari ya uvuvi, kwa waangalizi wanaopanda melini na kwenye mizani ya bandarini. Takwimu hizo huwasilishwa kwa Tume ya Jodari ya Bahari Hindi, IOTC, ambayo Kenya ni mwanachama wake.