Mikunjo, kupinda na kupasuka: kasoro za bomba la alumini linalotanuliwa kwa presha ya maji

Ukipita kwenye baiskeli za mtumba pale Igoma au Buzuruga, Mwanza, utakuta fremu za alumini ambazo bomba lake sio la duara, huku limebapa, kule limenona, halafu huoni alama ya kuunga. Wengi wanajua limegongwa nyundo. Sio hivo, mara nyingi limetanuliwa kwa maji kutoka ndani.

Iko hivi: bomba la duara linalazwa kwenye kalibu ya chuma ya vipande viwili, presi inaibana kalibu isifunguke, pistoni mbili zinaziba ncha, maji yanaingia kwa presha kubwa na bomba linatanuka mpaka lishike umbo la kalibu. Na wakati huohuo zile pistoni zinasukuma ncha kwenda ndani ili alumini iongezeke pale inapotanuka. Kwahiyo fundi ana vitu viwili vya kucheza navyo, presha na msukumo, na kasoro karibu zote zinatoka pale kimoja kinapomzidi mwenzake.

Msukumo ukitangulia na presha bado ndogo, ukuta unakosa kitu cha kuushikilia kwa ndani, unajikunja pete pete. Bomba likiwa refu halafu jembamba ndo linapinda zima zima katikati. Presha ikitangulia ni kinyume chake, alumini haijaletwa ya kutosha kwahiyo ukuta unakonda, na unakonda zaidi sehemu moja, yaani tyubu ya baiskeli ukiijaza upepo nje ya tairi unaona inavyotoa kinundu pale palipo dhaifu, halafu pah! Mpasuko kwa kawaida unafuata urefu wa bomba, kwasababu kwenye bomba lililozibwa ncha nguvu inayovuta kuzunguka ni mara mbili ya inayovuta kwa urefu.

Mi naona watu wanaogopa mikunjo kuliko inavyostahili. Mkunjo mdogo presha ya mwisho inaweza kuunyoosha ukalala kwenye kalibu, ila bomba likishapasuka hilo ni skrepa tu.

Shughuli kubwa iko kwenye kona za kalibu, pale pande mbili bapa zinapokutana. Chukua bomba la kipenyo milimita 50, ukuta milimita 1.5, alumini laini inayoanza kukubali umbo mvuto ndani ya ukuta ukifika megapaskali 100 (megapaskali moja ni bar 10): kuanza kulitanua unahitaji kama bar 60, wakati tairi la gari dogo ni bar 2 na kidogo. Sasa taka kona yenye nusu kipenyo cha milimita 5, presha inaruka mpaka bar 300 hivi, na alumini inavyozidi kutanuka inazidi kuwa ngumu kwahiyo hata hiyo haitoshi. Hapo zile pande bapa zimeshagandamana na kalibu, msuguano umezishika, alumini haisogei tena kwenda kwenye kona, basi ukuta unakonda pale ubapa unapoishia na kona inapoanzia. Ndo maana kilainishi ni muhimu sana.

Alumini pia inajirudi kuliko chuma ukiachia presha, maana ukakamavu wake ni kama theluthi ya chuma, hivo kalibu inatengenezwa ikiwa imezidishwa kidogo. Na bomba gumu halitanuki sana, linalainishwa kwanza kwa moto, ugumu unarudishwa baadaye kwenye oveni.

Kwahiyo fundi baiskeli, fremu ya hivi usiibane kwenye jiriwa pale iliponona, mara nyingi ndo ukuta umekonda, bana lile bomba la kuchomoa linaloshika siti.